Sufuria Isiyo na Mwenyewe

Mwaka juzi, kwa wiki kadhaa, nilikuwa nikiota visanduku. Si vya mbao wala vya karatasi. Ni vile ninavyochora kazini, pembe nne, jina ndani, na mstari unaotoka ubavuni kwenda kwa kisanduku kingine. Katika ndoto hizo Mji wa Kale wote ulikuwa umechorwa. Mlango wetu ulikuwa kisanduku, msikiti kisanduku, muuza kahawa kisanduku, na mistari imepita juu ya vichochoro mahali pa kamba za nguo. Nilikuwa nikitembea polepole nikisoma majina. Mwisho wa kichochoro palikuwa na kisanduku kimoja kisichoandikwa kitu, na kila nikikikaribia, naamka. Sikuogopa. Nilidhani ni uchovu.

Kazi yangu ndiyo hiyo ya kuchora. Watu wakitaka programu ya kompyuta, kabla mwandishi wa programu hajagusa kitufe, mimi hutumwa niketi nao niwaulize: katika shughuli yenu kuna vitu gani? Kipi kinashikana na kipi? Kimoja kwa kimoja, au kimoja kwa vingi? Kisha nachora. Mchoro ukiwa sawa, programu inakuwa sawa. Mchoro ukikosea, programu nayo itakosea kwa utiifu mkubwa, maana kompyuta haina haya. Chuoni walituambia mteja hajui anachotaka. Neno hilo nililishika vizuri, kwa sababu lilinipendeza. Mimi ni mtu wa kupenda kujua kuliko wenzangu. Mamangu alikuwa akisema nimezaliwa na jibu mdomoni.

Nilirudi Mombasa miezi michache baada ya yeye kufariki. Nilikuwa nimekaa Nairobi miaka kumi na mmoja. Siku aliyokufa nilipigiwa simu asubuhi, na kwetu maiti hangojeshwi. Nilipofika, jua likielekea kushuka, walikuwa wamekwisha kumzika. Nilikuta cherehani yake, kiti chake, na leso mbili zimekunjwa juu ya kitanda. Mamangu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Miaka yote alikuwa akipinda leso za duka moja la Biashara Street, na mguu ukiwa kwenye cherehani mdomo ulikuwa umefungwa. Niliwauliza waliokuwepo kama aliniachia neno. Wakatazamana, wakasema hakusema kitu. Liliniuma sana jambo hilo, wala sikumwambia mtu.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa shoga yake. Nilikuwa nikimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Chumba cha chini cha nyumba yake kilikuwa ghala ya vyombo vya wakfu. Kwa asiyejua: mtu hununua sufuria kubwa, au sinia, au birika, akaiweka wakfu kwa nia ya mzazi wake au mtoto wake aliyekufa. Jina la marehemu hugongwa ukingoni kwa msumari, nukta nukta. Kuanzia siku hiyo chombo si cha mtu. Mwenye arusi, mwenye matanga, mwenye maulidi, huja akakiazima bure, akapika, akakisugua, akakirudisha. Na kila watu wakila humo, thawabu zinamwendea yule aliyekusudiwa. Chombo kikilala, thawabu nazo zimelala.

Mama mdogo alikuwa akiitunza ghala hiyo tangu mimi sijazaliwa. Daftari hakuwa nalo, yote yalikuwa kichwani. Sasa macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na binti yake anayekaa Kizingo, kwenye nyumba yenye bustani na geti, alikuwa amekata shauri: mama atapasuliwa macho, na kutoka hospitali atahamia kwake, kwa kuwa ngazi zetu hazimfai mtu asiyeona vizuri. Ilibaki miezi miwili. Kina mama wa mtaa wakaingiwa na wasiwasi. Akishaondoka, nani atajua sinia lipi liliwekwa na nani, kwa nia ya nani? Vyombo vingebaki, lakini nia zingepotea, na mtu aliyewekewa sufuria angesahauliwa kana kwamba hakuwekewa. Wakaja kwangu. Walitaka kitu cha simuni ambacho kila mmoja wao anaweza kukiona. Niliwaambia wasiwe na shaka, hayo ni mambo madogo.

Tulianza kuketi alasiri, baada ya yeye kula na kupumzika. Ghala ilikuwa na dirisha moja dogo, juu karibu na dari, na mwanga wake ulikuwa ukishuka juu ya sufuria moja baada ya nyingine kwa kadiri jua lilivyokwenda. Ilinukia majivu na samli ya zamani. Mama mdogo alikaa kwenye kibao, sufuria mapajani, na vidole vyake vikizunguka ukingoni vikisoma zile nukta. Nje mtu alipita akiuza viazi karai, sauti ikaja ikaenda. Nilikuwa nimebandika karatasi kubwa ya manila ukutani na kalamu yangu nimeishika, na bado nilihisi kama mtoto aliyeletwa kulala kwa watu mchana.

Swali la kwanza la kazi yangu lilikuwa hili: kila chombo, mwenyewe ni nani?

"Mwenyewe?" akasema. "Mwenyewe yu kaburini."

Nikamweleza kwamba nataka mtu wa kupigiwa simu. Alicheka kidogo, akanitajia watoto na wajukuu wa wale marehemu, mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anayempa mtoto kijiko achezee. Mimi nikachora. Kisanduku cha Chombo. Kisanduku cha Mwenyewe. Cha Mwazimaji, cha Shughuli. Kati ya Chombo na Mwenyewe nikapiga mstari mnene, na juu yake nikaandika sheria: kila chombo lazima kiwe na mwenyewe mmoja, aliye hai, mwenye nambari ya simu. Nilirudi nyuma nikautazama mchoro wangu. Ulikuwa mzuri. Nilijipongeza kwa chai.

Mwenzangu wa kazini, aliyekuwa aiandike programu yenyewe, ni mtu wa bara, Mkristo, mpole wa maneno. Aliuangalia mchoro kwa muda, kisha akaniuliza, "Dada, na kama hakuna mwenyewe inakuwaje?" Nilimjibu kwamba hakuna kitu duniani kisicho na mwenyewe. Hakubishana. Aliandika kama nilivyochora.

Katika vyombo vyote, sufuria kumi na moja hazikuwa na mrithi wa kupigiwa simu, na nyingine hazikuwa hata na jina. Programu ilizikataa. Nikaamuru zipangwe nyuma ya mlango mpaka wenyewe wajulikane, na kina mama, ambao walikuwa watiifu kwa simu kuliko nilivyotazamia, wakaacha kuzitoa. Sikuzifikiria tena. Nilikuwa nikitazama simu yangu kila saa kuona vyombo vikitoka na kurudi, na kila kimoja kilipotoka, ujumbe ulikwenda wenyewe kwa mrithi: Chombo chako kimeazimwa.

Mmoja wa warithi hao alikuwa bwana wa heshima zake, mjukuu wa bibi mmoja aliyewekewa sinia la shaba zamani sana. Alikuja siku ya Jumanne. Gari lilishindwa kuingia kichochoroni, akatembea, viatu vinang'aa. Alitoa salamu zote, akauliza hali ya kila mtu, kisha akasema amekuja kuchukua sinia lake. Hakujua kabisa kwamba analo. Anatushukuru kwa kumjulisha. Alitaka kulitundika ukutani, sebuleni. Alipoona tumekaa kimya, akatoa simu akatuonyesha. Chombo chako. Imeandikwa.

Na mwandishi ni mimi.

Mama mdogo hakumkatalia. Alimkaribisha kiti, akaagiza kahawa. Alimwambia sinia hilo hapo, ni karibu na mkono wake, alichukue. Ila kwanza amsaidie jambo moja: siku atakapokutana na bibi yake, na bibi akamuuliza ni nani wanaokula kwenye sinia langu, atamjibu nini? Yule bwana alikunywa vikombe vitatu. Alizungumzia mvua. Kisha akaaga vizuri, akaenda zake mikono mitupu, na mpaka leo humsalimu mama mdogo kwa kuinama.

Nilidhani tutacheka. Lakini alipoondoka, mama mdogo alinigeukia na yale macho yake yenye ukungu.

"Nalikwambia mwenyewe yu kaburini," akasema. "Weye ukanitafutia mjukuu."

Nilianza kujitetea. Nilisema programu haiwezi kumpigia simu maiti. Nilisema mengi, na kwa kasi, kama kawaida yangu nikiwa nimekosa. Aliniacha nikamaliza, kisha akauliza, "Na zile za nyuma ya mlango zimekosani? Siku kumi na nane sijazisikia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akizisikia. Kila sufuria ina mlio wake ikiburutwa kwenye kizingiti, na yeye, juu ghorofani, kitandani pake, alikuwa akihesabu zinazotoka na zinazorudi. Kumi na moja zilikuwa zimenyamaza. Zilibaki siku nne aende hospitali.

Akaniambia nifunge mlango wa nje na nimletee moja moja.

Sijui tulikaa muda gani. Mwanga wa dirisha ulikwenda ukutani ukafika kwenye manila yangu, ukapita juu ya visanduku, na mimi nilikuwa nikimsikiliza kama mtu aliye nusu usingizini. Hii iliwekwa na mpishi asiyepata mtoto, kwa nia ya wapishi wote waliokufa na watakaokufa. Hii, ya mama mmoja, kwa mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina. Ndiyo sababu ukingo wake ni mtupu. Hii watu wa mtaa waliichangia kwa nia ya mpita njia aliyeanguka akafa karibu na kivuko cha Feri, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Nilikuwa nimeziita sufuria zisizo na wenyewe, na kumbe zilikuwa na wengi mno. Nilisimama nikafuta kisanduku cha Mwenyewe, nikafuta na ile sheria niliyoipenda. Mahali pake nikachora viwili: Aliyeweka, na Marehemu. Kati yao nikapiga mstari, nikaandika juu yake: kwa nia ya. Mmoja aweza kuweka vingi. Kimoja chaweza kuwa cha wengi. Nilijisikia vizuri, nakiri. Nilisema kimoyomoyo, sasa umepata.

Ya kumi na moja ilikuwa sufuria pana ya alumini, si ya zamani sana, tumbo limeiva kwa moshi. Niliiweka mapajani mwake. Vidole vilizunguka, vikasimama. Palikuwa na nukta tatu, basi. Akazigusa tena na tena.

"Hii aliiweka mamako," akasema.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mdomo ulikuwa mtupu. Nilikuwa najua bei ya kupinda leso moja, maana nilisomeshwa kwayo. Niliitazama ile sufuria na nikaona leso zikipita chini ya sindano, pindo baada ya pindo, mwaka mzima labda, na yeye kimya.

Nikashika kalamu kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Chini ya Aliyeweka nikaandika: mamangu. Nilipofika kwenye Marehemu, sikuuliza. Nilijua. Nilianza kuandika jina la bibi yangu, mamake, aliyempenda sana.

"Waandika nani?" akauliza, maana alisikia kalamu. Nikamwambia.

"Siye huyo. Wafu ndio tunaowagonga majina. Aliye hai hatumgongi, ni kama kumwitia kifo. Ndipo akataka nukta tatu tu, apate kuijua." Alipangusa ukingo kwa ncha ya leso yake. "Aliiweka mwezi ule weye ulipokwenda Nairobi. Alisema, mwanangu yuwaenda kula kwa watu asowajua. Nami nataka watu n'sowajua wale kwangu, nia iwe yake."

Niliketi chini sakafuni.

Akaanza kunitajia ilikokwenda, bila haraka, macho yake hayatazami kitu. Arusi za mtaani, mbili siku moja. Hitma ya mwalimu wa madrasa. Futari za Ramadhani, kila mwaka, mwezi mzima. Mwaka fulani ilivuka Feri ikakaa Likoni wiki nzima kwa matanga, na mamangu alikuwa akija kuulizia kila siku kama imerudi. Na kila ilipotoka, mpishi aliambiwa aseme bismillahi, kwa nia ya aliyewekewa, bila kujua ni nani. Mimi nilisikiliza, na miaka yangu ya Nairobi ikawa inarudi na kujipanga kando ya shughuli hizo. Kile chumba cha kupanga ambamo niliugua homa siku nne na jirani nisiyemjua akanibishia mlango na bakuli la uji. Ile kazi niliyoipata nikiwa nimekata tamaa. Sijui kama mambo hayo yalishikana. Mstari huo mimi siwezi kuuchora, wala sitajaribu. Najua tu kwamba kwa miaka hiyo yote, mwanamke niliyedhani hakuniachia neno alikuwa akiniombea kwa midomo ya watu wanaokula pilau.

Na mimi nikamfungia nyuma ya mlango siku kumi na nane, kwa sheria yangu mwenyewe, yenye mstari mnene. Nililia. Mama mdogo aliniacha nilie, mkono wake mmoja juu ya sufuria na mmoja kichwani pangu.

Baadaye nilisimama tena mbele ya manila, nikafuta jina la bibi yangu, na kalamu ikagoma. Alisikia kimya changu.

"Wangojani?"

"Kisanduku," nikasema. "Nimekiandika Marehemu."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko cha tumboni, mpaka sufuria ikatikisika mapajani.

"Basi kifute, mwanangu. Ama wataka ufe ndipo mchoro ukae sawa?"

Nikafuta. Nikaandika: Aliyekusudiwa. Kisha ndani yake, kwa herufi ndogo, nikaandika jina langu. Jioni hiyo nilimtumia mwenzangu picha ya mchoro mpya. Alijibu kwa neno moja la kuuliza: kwa hivyo mwenyewe si lazima? Nikamwambia si lazima, na kwamba alikuwa na haki tangu mwanzo. Nadhani alishangaa zaidi kwa hilo la pili.

Zile siku nne tulizitumia vizuri. Kila chombo kikapata nia yake, hata birika lisilo na kifuniko. Mama mdogo aliondoka asubuhi, binti yake akimshika mkono kichochoroni mpaka kwenye gari, na mlangoni alisimama kidogo akasikiliza. Alfajiri ile ile sufuria ya nukta tatu ilikuwa imetolewa nyuma ya mlango, na mlio wake kwenye kizingiti aliusikia akiwa bado juu. Aliniambia hivyo akiingia garini.

Aliyeiazima alikuwa mama mmoja wa Likoni, akimwoza binti yake. Nilifuatana na mkokoteni mpaka Feri, ingawa hapakuwa na haja, nikiishika sufuria kwa ukingo isigongwe na watu. Wachuuzi walikuwa wakiita, watu wakishuka kwa wingi na wengine wakingoja kupanda, na mimi nilikuwa nikitembea katikati yao nikiwa kama niko ndani ya zile ndoto zangu, ila hapakuwa na mistari tena juu. Tulipofika kwenye mteremko, yule mama akaweka mkono wake juu ya sufuria, karibu na wangu. Alitaka kujua iliwekwa kwa nia ya nani, apate kumuombea kabla ya kutia mchele.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilisema ni ya mtu ambaye alikuwa mbali.

"Sasa amerudi?" akauliza.

"Amerudi," nikasema. "Alichelewa kidogo."